Bangili Saba za Bi Siwatu

Kishikwambi kilisema wanawake saba wako nyumbani kwa Bi Siwatu, na Sikudhani akakiamini, maana mashine ile ilikuwa haijamdanganya tangu akabidhiwe na zahanati. Alifurahi mpaka akalisahau goti lake bovu. Wanawake saba wa kata ya Lungala, wote kwenye orodha yake ya "bado hajaamua", wamekaa kwa kungwi mmoja asubuhi ya Jumatano, na kura ni Jumapili! Akanunua maandazi kumi na mawili kwa muuza chai, akayafunga kwenye kitambaa, akaanza kuupanda mlima huku akipanga maneno ya kuwaambia.

Maneno yenyewe alikuwa nayo mdomoni mwaka mzima. Kura ya Ufunguo ilikuwa na swali moja tu: kumbukumbu za bangili ya mwanamke zifunguliwe na nani, mwanamke mwenyewe, au Kamati ya Uzazi ya kata? Nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, Sikudhani alikuwa ameliuliza swali hilo mpaka mbwa wa Lungala wakaacha kumbwekea.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, ila usije na njaa tu."

Bi Siwatu alikuwa peke yake barazani, anapukuchua maharage. Alikuwa amevaa sweta nene, na juu ya sweta kajitanda khanga mpaka kwenye vidole. Kweli mlimani kuna baridi, lakini jua la saa nne lilikuwa limekwishapanda na jasho lilikuwa linamtiririka bibi wa watu.

"Shikamoo, somo." Kwake Sikudhani, hata na miaka yake hamsini na minane, Siwatu alibaki kuwa somo, kungwi aliyemfunda alipovunja ungo.

"Marahaba, mwali wangu. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa?"

"Wako wapi?"

"Akina nani?"

"Wageni wako. Saba. Nimewaletea maandazi."

Bi Siwatu akayaacha maharage. Akatazama njia ya juu, akatazama njia ya chini, kisha akaweka khanga pembeni na kupandisha mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Bangili nyembamba za rangi ya majivu zilikuwa zimepangana mkononi, kila moja na taa yake ndogo ya kijani.

"Hawa hapa," akasema. "Wasalimie."

Sikudhani alikaa chini bila kukaribishwa.

Alizijua bangili zile kuliko mtu yeyote mlimani. Msichana alivalishwa yake akitimiza miaka kumi na mitano. Ilijua mimba siku ya tisa, ilijua homa, ilijua presha, na mambo yakiharibika iliita yenyewe machela ya hewani kutoka zahanati, hata kama mwenye mkono kazimia. Ukiivua na kuiacha bila mkono zaidi ya dakika kumi, ilipiga kelele. Vinginevyo, siku za kawaida, ilijiuliza jambo moja tu: je, hapa nilipo pana damu ya moto? Kwenye kituo cha kura peke yake ndipo mtambo ulipoisoma pamoja na mapigo ya moyo wa mwenyewe, yakawa ndiyo saini. Kwa hiyo bangili saba zilikuwa zimetulia kabisa kwenye mkono wa bibi wa miaka themanini na moja, zikipeleka zahanati habari za wasichana saba wanaolala saa mbili usiku na kuamka mara nne kwenda chooni.

"Somo, umefanya nini?"

"Nimefanya kazi yangu. Kungwi kazi yake nini? Si kutunza siri ya mwali?" Akaanza kuzigusa moja moja. "Majina sikuambii. Huyu kaweka kijiti, mumewe anataka mtoto wa sita, na Kamati humpelekea mume taarifa. Huyu mimba ilimtoka, wakamwita aeleze mbele ya watu ilitokaje. Aeleze! Mtu bado anatokwa na damu! Huyu hataki kuolewa, basi, na kila mwezi wanamwuliza kulikoni."

"Na kesho mmoja wao akipata kifafa cha mimba, akivuja damu? Nani ataita machela? Moyo wako wewe?"

Bi Siwatu akaushusha mkono wa sweta.

"Mficha uchi hazai, somo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha. Lakini anauonyesha kwa mkunga, hauonyeshi kwa karani."

Hapo Sikudhani alichomwa hasa, kwa sababu mkunga alikuwa yeye. Miaka kumi na tatu iliyopita alizibeba bangili za kwanza kwa tenga kichwani, akapanda nazo mlima huu huu, kwa hasira ya msiba. Mdogo wake, Mwantumu, alikuwa amefia kwenye machela ya miti, pale darajani, na mtoto tumboni. Sikudhani akaapa hatazikwa mwingine hivyo, na kweli tangu bangili zije Lungala haikuwa imezika mzazi hata mmoja. Kila mlango alisema maneno yale yale: huyu ni mkunga asiyelala, na mkunga hasemi. Na bangili haikusema, miaka kumi na moja. Halafu baraza la kata likapitisha sheria ndogo, kwa nia njema, walisema, ya kuzuia mimba za utotoni, na daftari likafunguliwa kwa Kamati. Barua zikaanza kutembea.

"Chai hiyo," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Asteria, mwalimu wa chekechea, msichana wa miaka ishirini na mitatu ambaye watu waliambiwa kaomba ruhusa kazini ili amuuguze bibi. Alivaa koti la mwanamume, kubwa, limefungwa vifungo vyote. Aliposhusha birika alishika kiuno. Sikudhani hakutazama tumbo. Alitazama miguu: ilikuwa imejaa, viatu vimeachwa wazi kamba.

"Mwanangu, kaa. Kichwa kinauma?"

"Kidogo, mama."

"Unaona vimulimuli?"

"Nikiinama tu." Kisha akaelewa anaulizwa nini, na nani anauliza, akashika vifungo vya koti. "Bibi!"

"Sikumwambia," Bi Siwatu akasema. "Kaja mwenyewe na maandazi."

Sikudhani akabonyeza kifundo cha mguu wa Asteria kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Ilikuwa presha ya mimba, aliijua, yeye aliyezalisha nusu ya kata ile. Kishikwambi kilikuwa mapajani mwake. Kubonyeza mara moja, na machela ya hewani ingekuwa hapo kabla chai haijapoa.

"Mama, usibonyeze. Nakuomba." Asteria alipiga magoti, kwa shida. "Watanisimamisha mbele ya Kamati nimtaje mwanamume. Nisipomtaja, shule watanifukuza. Nikimtaja, watamfanya kuwa baba wa mtoto wangu, na yule hafai kuwa baba hata wa kuku. Sitamtaja. Bora nife."

"Usiseme hivyo!"

"Wewe uliniambia haisemi." Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ulinivalisha kwa mkono wako, pale shuleni, ukasema mkunga hasemi. Nikakuamini."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya baraza. Sikudhani alikisukuma kishikwambi pembeni. Angesema nini? Kwamba hakujua? Hakujua, ni kweli, lakini ahadi ilikuwa yake na msichana ndiye aliyekuwa akiilipia. Alijua pia kwamba kwa presha ile mikono mitupu isingetosha, yake wala ya Bi Siwatu.

Basi akafungua bangili yake mwenyewe, iliyokuwa mkononi miaka kumi na mitatu mpaka ikaacha alama, akamshika Asteria mkono na kumvalisha.

Taa ikafikiri kidogo. Ikawa ya chungwa. Kishikwambi kikalia, na sauti ya upole ya zahanati ikatangaza kwa baraza zima: "Sikudhani Mkude, umri miaka hamsini na minane. Presha iko juu. Ujauzito, wiki thelathini na tatu. Hongera sana. Dawa zinaletwa ulipo."

Mtambo haukushangaa. Hakuna aliyeufundisha kushangaa.

Bi Siwatu alicheka mpaka ungo wa maharage ukamwagika. "Haya, mjane wa watu! Makubwa haya!"

"Cheka tu," Sikudhani akasema, anafuta macho, naye hajui kama analia au anacheka. "Mimi mimba yangu ya kwanza ndiyo hii."

Na kweli hakuwahi kuzaa.

*

Barua ilifika kesho yake. Iliyoileta ilikuwa miguu ya Bwana Mloka, karani wa Kamati, mwanamume mpole aliyependa kazi yake pale tu ilipohusu mihuri. Alisimama mlangoni kwa Sikudhani akizungusha kofia.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Soma, mwanangu."

"Mama, hebu chukua usome mwenyewe."

"Miwani sina. Soma."

Akasoma, masikio yamemwiva. Bi Sikudhani Mkude, mjane, anaitwa mbele ya Kamati Jumatatu saa tatu asubuhi, amtaje aliyempa mimba.

"Jumatatu nitafika," akasema Sikudhani. "Waambie wamtafute tangu sasa, mie usiku ule taa ilikuwa imezimwa."

Kabla ya adhuhuri Lungala nzima ilikuwa inajua. Na hapo ndipo jambo ambalo Sikudhani hakulipanga likatokea. Milango ambayo mwaka mzima ilifunguliwa nusu, au mtoto alitumwa kusema mama hayupo, ikafunguka yote. Kila mtu alitaka kuiona mimba ya mjane. Walimkaribisha, wakamwekea stuli, wakamkagua kiuno. Yeye akawa anatoa barua, anampa mwenye nyumba asome kwa sauti, anawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha anaikunja barua.

"Mimi nimecheka kama nyinyi," alikuwa anawaambia, "kwa kuwa mimi ni mzee na sina kazi ya kupokonywa. Sasa chukua barua hii, mpe binti yako. Mpe dada anayefanya kazi kiwandani. Bado inachekesha?"

Mama mmoja wa makamo alikwenda ndani, akarudi na barua yake mwenyewe, ya miaka miwili nyuma, iliyokunjwa mara nane, akamwekea Sikudhani mapajani. Wengine walimjibu bila woga kwamba bila Kamati mabinti wataharibika, na Sikudhani alikaa akawasikiliza mpaka mwisho, akanywa na chai yao. Mwenyekiti wa Kamati, Mama Gaudensia, ndiye peke yake aliyekataa kumfungulia.

Kila jioni alipanda mlima. Dawa zilikuwa zimeletwa na ndege ndogo ya zahanati, na taa ilikuwa imerudi kijani. Alikuwa na kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto. Alikibandika tumboni kwa Asteria, akaweka sikio, akafumba macho.

"Anasemaje?" Asteria aliuliza Jumamosi.

"Anasema mama yake ale mchicha."

*

Mpango wa Jumapili ulikuwa rahisi. Sikudhani apande saa moja asubuhi, achukue bangili, ateremke, apige kura, apandishe. Saa moja kwenda na kurudi, kwa goti lile labda na robo. Hesabu ya kishikwambi usiku wa jana ilikuwa imesema kura zinalingana, na kila moja ina thamani. Asteria na wenzake sita wasingeweza kupiga, maana mbele ya mtambo kila mmoja angelazimika kuvaa yake, nayo ingesema yote.

Alimkuta Asteria amekaa kitandani, bangili keshaifungua nusu.

"Chukua, mama. Saa moja tu. Umeihangaikia kura hii mwaka mzima, mimi nikiona."

Sikudhani akanyoosha mkono. Taa ilikuwa ya chungwa.

"Tangu saa ngapi?"

"Alfajiri. Lakini kichwa hakiumi sana. Saa moja tu, mama."

Bi Siwatu alikuwa amesimama nyuma, mikono ndani ya khanga. Saa moja. Sikudhani alilifahamu neno hilo. Mwantumu naye aliachwa saa moja tu, wakati wanaume wamekwenda kutafuta wabebaji. Alikuwa mzima walipotoka. Alimwambia Sikudhani naye aende, yeye hana neno. Sikudhani akaenda.

Aliitaka kura ile. Aliitaka kwa moyo wote, kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa miaka mingi, atie saini yake chini ya kosa alilolibeba kwa tenga kichwani. Akaushika mkono wa Asteria kwa mikono yake miwili, akaifunga bangili, akasikia klik.

"Mama!"

"Lala upande wa kushoto. Nitakwenda kuwasaidia wazee kwenye foleni, wananingoja; mambo yakiharibika bangili itaita. Somo, usimwache."

"Nimwache niende wapi? Mimi kura yangu nimekwishaipiga," Bi Siwatu akasema, na bangili zikagongana chini ya khanga.

Foleni ilikuwa ndefu, kina mama wengi na mwavuli mmoja mmoja. Sikudhani alisimama nje ya kamba, akishika viwiko vya wazee, akijibu maswali. Bwana Mloka, aliyekuwa akisimamia daftari, alimsogelea.

"Mama, wewe hupigi?"

"Mkono wangu una kazi mahali, mwanangu."

Saa tano kasoro, mlio ulipita juu ya paa. Machela ya hewani, nyeupe, ya chini chini, ikitimua mavumbi, na kipaza sauti chake kikisema kwa ile sauti ya upole: "Tupisheni. Sikudhani Mkude, usiogope. Tunakuja."

Foleni nzima ikatazama juu. Kisha foleni nzima ikamtazama Sikudhani, aliyesimama pale pale na mwavuli wa mtu mkononi. Hakuna aliyecheka safari hii.

Mama Gaudensia alikuwa wa sita kutoka mlangoni. "Sikudhani," akasema polepole, "wewe si uko hapa?"

"Niko hapa."

"Kule yuko nani?"

"Mimi." Akaisogelea kamba. "Gaudensia, andika mimi. Mniite Jumatatu, mniite kila Jumatatu mpaka nife, lakini andika mimi."

Mama Gaudensia alizaa watoto sita, wanne kabla ya bangili. Aliitazama ile machela ikizama nyuma ya mgongo wa mlima, upande wa kwa Bi Siwatu, na midomo yake ilikuwa inatembea, pengine anahesabu, pengine anasali.

"Mloka," akasema mwishowe, "unangoja nini? Foleni iendelee. Na wewe Sikudhani, unasimama hapa kufanya nini? Nenda kwa mtoto wa watu!"

Sikudhani akautupa mwavuli, akakimbia. Goti lilimwuma kila hatua na hakupunguza.

*

Mtoto alikuwa wa kike, kilo mbili kasoro kidogo, na sauti ya kutosha watoto watatu. Asteria alikuwa amepata kifafa mara moja, ndani ya machela, hewani, na dawa ilikuwa imekwisha kuingia mshipani kabla hakijampata cha pili. Nusu saa zaidi, nesi alisema, tusingekuwa tunazungumza hivi. Nesi aliitwa Yusta, na hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Jioni matokeo yakasomwa. Ufunguo umepita kwa kura tano. Nje watu walipiga vigelegele; ndani ya zahanati Sikudhani alikuwa amempakata mtoto, akashindwa kupiga, akabaki kumpangusa mashavu ambayo hayakuwa na kitu.

Nesi Yusta akaja na fomu ya kuandikisha mtoto. Alimtazama msichana kitandani, akamtazama mzee kwenye kiti, akatazama daftari lililoandika wiki thelathini na tatu kwa jina la mjane wa miaka hamsini na minane.

"Jina la mama?" akamwuliza Sikudhani.

Sikudhani alifungua kinywa. Siku nne alikuwa amejibu "mimi", na neno lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Muulize mwenyewe."

Nesi akageuka. "Sheria mpya inaanza baada ya siku sitini," akamwambia Asteria. "Na meza yangu ina mafaili mengi, fomu hupotea miezi miwili mtu akitaka. Nakuuliza wewe. Jina la mama?"

Asteria alimtazama mtoto.

"Andika Asteria Kobelo. Pa baba acha wazi."

"Una hakika? Unaweza kungoja."

"Najua naweza." Akavuta pumzi. "Wakiniita sasa nitakwenda, nitasema sitaki kumtaja, nitarudi kunyonyesha. Nimeulizwa, dada. Ndicho nilichokuwa nataka."

Nesi akaandika, akatoka. Asteria akaifungua bangili taratibu, akamshika Sikudhani mkono pale palipokuwa na alama nyeupe, akamvalisha, kama yeye alivyovalishwa miaka minane iliyopita uwanjani shuleni. Taa ikafikiri, ikawa kijani.

"Mkunga hasemi," Asteria akamwambia.

"Hasemi," Sikudhani akajibu, na hapo ndipo alipoangua kilio, mtoto akashtuka naye akalia, na Asteria, sasa mama yao wote wawili, akawabembeleza.